Usichemshe Maziwa

4 Februari

Dada yangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa nakujua, utaisoma umesimama huku mkono mmoja unamfukuza kuku. Mimi mzima. Mgongo unauma lakini ni mgongo wa kazi, si wa ugonjwa.

Habari ya mimba ya mke wangu nimeipokea kwa furaha mpaka nimewatangazia watu ambao hata lugha yetu hawaijui. Ile ya mwaka juzi iliyotoka sitaki kuikumbuka, lakini naikumbuka kila siku. Safari hii umwangalie kama yai. Ndoo ya maji asibebe. Nipo mbali, mkataba haunipi ruhusa mpaka msimu uishe, kwa hiyo namwacha mikononi mwako.

Sasa la maziwa. Unasema mbuzi wamezaa kwa mpigo, mnakunywa mpaka mnachoka, na yanayobaki yanachacha anapewa mbwa. Umeniuliza huku tunatengenezaje jibini. Dada, mimi si fundi wa jibini. Mimi ni kibarua wa rafu: nafua vitambaa, nabeba maji ya chumvi, nageuza jibini kwenye mbao asubuhi na jioni kama anayegeuza wagonjwa kitandani. Lakini macho ninayo, na nakueleza nilichokiona.

Maziwa yanatoka kwenye bomba la ukutani na kujaa kwenye pipa pana. Nimeyagusa. Ni vuguvugu, joto la mbuzi mwenyewe, kama maji ya kumwogeshea mtoto. <u>Usichemshe</u>. Tangu nifike hapa sijaona yakichemshwa hata siku moja. Mzee tunayemwita Chumvi, maana ndiyo kazi yake, anamimina dawa ya kugandisha, kidogo tu, anakoroga, halafu hakuna kugusa mpaka yagande kama uji uliopoa. Yakishaganda yanakatwa kwa kisu, yanatiwa kwenye kitambaa, maji yanachuruzika, kisha chumvi, kisha kitu kizito juu yake.

Dawa ya huku ni ya chupa. Lakini Mzee Chumvi anasema zamani kwao walitumia tumbo la mwanambuzi ambaye bado ananyonya: wanalikausha, wanaloweka kipande kwenye maji ya chumvi, na maji hayo ndiyo dawa. Mkichinja kidume kichanga, usitupe tumbo.

Jaribu. Ikiharibika, mbwa yupo.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Nimeisoma nimesimama, na kuku nimemfukuza. Huku sote tu wazima. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba, kwa hiyo ufundi wako wa mabati tumeuona.

Jibini imetoka! Ya kwanza ilikuwa ngumu, wifi akasema tumpelekee fundi viatu. Ya pili ilinuka, mbwa mwenyewe aliizunguka mara mbili akaenda zake. Ya tatu, ndugu yangu, nyeupe, laini, inakatika bila kubomoka. Tuliila tukitazamana kama wezi.

Nikwambie kweli, mkono ulisita. Mama alituchemshia maziwa mpaka yapande, na ukikutwa umekunywa mabichi unakula kofi. Nikamwambia wifi, "Huyu mume wako ameandika usichemshe, tena amepiga mstari chini." Akacheka. "Wifi, yeye yuko kiwandani. Sisi tuko jikoni." Basi nikafuata. Na kuni zimepungua kutumika.

Huyo wifi alikuwa hashiki chakula tumboni. Kila kitu kinarudi. Jibini ndiyo inayokaa. Asubuhi kipande, jioni kipande, na nisipomwangalia na katikati kipande. Mashavu yameanza kurudi.

Mwenye hoteli ya stendi alionja akanyamaza. Mtu yule hanyamazi hata akiwa anatafuna. Anataka nimpelekee kila wiki.

Nimeongeza mbuzi kutoka kwa mfugaji mmoja aliyekuwa anahama. Mmoja wao hakuzaa vizuri. Mambo ya mbuzi.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Salamu. Barua yako imechelewa mno, dereva anayetuletea alikwama matopeni. Mimi mzima, mikono imebabuka kwa chumvi lakini inashika.

Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata mke wa pili. Mzee Chumvi nimemsimulia ya fundi viatu, anakusalimu, anasema ya kwanza uliikamua kwa hasira.

Mwache mke wangu ale. Ale mpaka mwenye hoteli anune. Mwambie namtazamia mtoto mwenye mashavu.

Lakini umeniandikia mbuzi mmoja hakuzaa vizuri, ukaishia hapo. Hakuzaa vizuri vipi? Wewe ambaye ukiandika habari ya yai unanitajia na kuku aliyelitaga, mbuzi mzima unampa mstari mmoja?

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Mvua imetuzidi, nguo hazikauki. Tunaendelea. Siku hizi naitwa Mama Jibini. Jana mke wa mwenye hoteli alinisalimia yeye kwanza, kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya watu. Tangu nifiwe na mume wangu hakuna aliyewahi kunitangulia kwa salamu. Walikuwa wananiona, wanakumbuka wana haraka.

Wifi alipata homa kidogo. Jioni inapanda, asubuhi inashuka, anaamka shuka imelowa jasho. Tumempa dawa za malaria. Viungo vinamuuma, lakini mimba na viungo ni mtu na pacha wake. Mtoto anacheza. Jibini anakula bado, ndiyo inayomtia nguvu. Mimi magoti yananisumbua, ni hii baridi.

Uliuliza habari za mbuzi. Mbuzi ni mbuzi. Ukianza kuwalinda mbuzi wangu kutoka huko utakosa usingizi bure.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Leo hakuna salamu. Chemsha maziwa. Yachemshe yapande, kama mama alivyofanya. Jibini yote iliyomo ndani ya nyumba ifukie, mbwa asipewe. Mke wangu asiweke tena kipande mdomoni. Fanya hivyo kwanza, halafu rudi usome yaliyobaki.

Sijapata barua yako tangu ile ya Februari. Sijui mko vipi, nakuandikia hivyo hivyo.

Jana maziwa yalikatika bombani. Msimamizi hakuwepo, Mzee Chumvi akanituma nizunguke nyuma ya ukuta niulize. Sisi wa rafu haturuhusiwi kule. Tuna viatu vyeusi, wao wana vyeupe, na ukionekana kule na vyeusi unatafuta maneno. Nikaingia. Nikakuta mvuke, moto, na chombo kikubwa kama nyumba. Kuna mtu amesimama anatazama mshale wa joto.

Nikamwuliza, "Mnapika nini humu?"

"Maziwa."

"Ya nani?"

"Ya kwako wewe unayegeuza jibini. Ulidhani yanatoka wapi?"

"Kwa mbuzi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa mbuzi! Jamani, njooni mwone, huyu anadhani bomba limefungwa kwenye kiwele!"

Alipochoka kucheka akanieleza. Maziwa yote yanapashwa moto mkali huko nyuma, halafu yanapoozwa mpaka yarudi vuguvugu, ndipo yanapita ukutani kuja kwetu. Muda wote nimekuwa nikigusa maziwa yaliyokwisha kupikwa, nikayaona mabichi. Nikamwuliza sababu. Akasema mbuzi wana ugonjwa mmoja ambao huwezi kuuona kwa macho. Mbuzi ananenepa, anakula, anatoa maziwa, lakini anatupa mimba. Anayekunywa maziwa yake mabichi, au kula jibini yake, anapata homa ya kwenda na kurudi, na viungo vinauma. Mwanamke mwenye mimba anaweza kuipoteza.

Nilikaa juu ya ndoo. Akaniuliza kama naumwa.

Nikakumbuka yule mbuzi wako. Dada, alitupa mimba?

Nilimwomba msimamizi nitumie simu ya ofisi, nipige hata hotelini kwa yule mteja wako. Akasema simu si ya vibarua. Barua hii nimempa dereva wa lori mkononi, nimemsihi aipeleke mpaka mlangoni.

Mdogo wako


21 Mei

Dada,

Barua yako ya Aprili imefika leo. Homa ya jioni, jasho, viungo. Niliisoma nikiwa bandani, nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya ukuta mpaka wakaja kunitafuta.

Sikusalimu wala sikuulizi habari za mvua. Nataka majibu mawili. Mbuzi wangapi wametupa mimba? Mke wangu bado anakula?

Na usiniambie mbuzi ni mbuzi. Ukiniandikia hivyo tena nitajua wewe si dada yangu, ni Mama Jibini tu, na salamu za ng'ambo ya barabara zimekutosha.

Nimeomba ruhusa ya kuja, nimenyimwa. Nimeomba tena. Msimamizi anasema niende tu, lakini nisirudi, na mshahara wa msimu nisiudai. Kama jibu lako ni baya nitakuja hivyo hivyo, kwa miguu ikibidi.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe sita ilinikuta getini hospitali. Dereva alifika nyumbani, hakukuta mtu, jirani akamwelekeza. Ile ya pili imefika juzi. Nimeisoma, na lile la mwisho nimelisoma zaidi ya mara moja.

Wifi amelazwa. Yu hai, na mimba ipo. Hilo nimelitanguliza ili usianze kufunga mizigo. Mengine yasome ukiwa umekaa.

Homa ilikataa dawa za malaria, nikamleta kwa mkokoteni wa muuza maji. Daktari ni kijana mmoja mpole. Akaniuliza mgonjwa anakula nini.

Nikasema, "Anakula tunachokula sote."

"Mnafuga?"

"Mbuzi wachache."

"Wazima?"

"Wazima."

Wifi alikuwa amelala, hakusikia. Na mimi nilimtazama daktari usoni nikasema wazima, wakati nyuma ya jiko langu nimefukia mimba zilizotupwa na mbuzi wanne. Wanne, ndugu yangu. Wale wa mfugaji anayehama walianza, wangu wakafuata. Nilikuwa nikiwazalisha kwa mikono hii, vitoto vinatoka vimekufa, nafukia, nanawa, narudi jikoni kukamua kitambaa. Nilijua kuna kitu. Ugonjwa sikuujua, lakini nilijua daktari akienda nyumbani mbuzi wataondoka, na mbuzi wakiondoka narudi kuwa yule wa kukwepwa njiani. Nikasema wazima.

Tulikaa hivyo, anatibiwa kitu kingine, mpaka barua yako ilipofika.

Niliisoma palepale getini. Niliingia chumba cha daktari bila kubisha, alikuwa na mtu, nikaiweka mezani. Nikasema, "Nilikudanganya. Soma." Akasoma. Hakunifokea. Bora angenifokea. Aliniuliza tu, "Mama, ulikuwa unangoja nini?"

Damu imepimwa, ndio ugonjwa wenyewe. Amewekwa kwenye dawa, vidonge vingi na ni vya muda mrefu. Kuhusu mtoto, nikimuuliza daktari anasema tungoje. Nimejifunza kulichukia neno hilo.

Wifi anajua yote. Nilimwambia mwenyewe, sikutaka aambiwe na nesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. Tangu hapo nikimletea chakula anangoja nitoke ndipo ale.

Mbuzi wamechukuliwa na bwana mifugo, wote. Hotelini nilikwenda kwa miguu yangu nikasema mbele ya wateja, waliokula waende wakapimwe. Mwenye hoteli alinitupia kitambaa changu cha kufungia jibini barabarani.

Sasa nimesema yangu, na wewe usinipande kichwani. Mkono wangu ulisita, nilikuandikia kwamba umesita. Ulikuwa na nafasi ya kuuliza. Ukajibu, mwache ale.

Dada yako


18 Juni

Dada,

Salamu. Leo nasalimu.

Hasira ninazo lakini zimechoka kama mimi. Mstari niliupiga mimi. Niliona bomba likitoka ukutani, sikujiuliza ukuta una nini nyuma yake, nikakuandikia kama bingwa. Na wewe ukaona mbuzi wanne ukafukia. Tumegawana vizuri, hakuna aliyedhulumiwa.

Mimi siko tena kwenye jibini. Nimehamishiwa mabandani kuchota samadi, kwa sababu ya viatu vyeusi. Sikukwambia kwa kuwa ilikuwa haina maana mbele ya hayo mengine.

Lakini samadi imenikutanisha na wakamuaji, na wao wameniambia jambo. Mtu anayeshika mbuzi wakati anatupa mimba, mikono mitupu, huyo ndiye wa kwanza kuugua, hata kabla ya mlaji. Nikarudia barua zako zote. Aprili umesema magoti. Mei mwandiko umelala upande mmoja, wewe uliyekuwa unachapwa darasani kwa kuikandamiza kalamu. Na jibini uliila tangu siku ya kwanza, kama wezi, uliandika mwenyewe.

Je, wewe umepimwa?

Usinijibu baridi. Usinijibu umri.

Mke wangu nimemwandikia barua yake peke yake.

Mdogo wako


25 Julai

Mdogo wangu,

Wifi amerudi nyumbani. Tumbo limekua, mtoto anacheza, dawa anameza. Anapika kwenye sufuria yake, mimi kwenye yangu. Tunapishana mlangoni kama wapangaji. Maziwa ya unga ananunua mwenyewe na anayachemsha, ingawa hayahitaji. Simwambii kitu.

Kuhusu mimi, magoti ni magoti. Hospitali nimeikalia benchi vya kutosha mwaka huu. Acha kwanza mtoto azaliwe, nijue nimefanya nini. Nikishajua nitaona.

Usiulize tena.

Dada yako


19 Septemba

Mdogo wangu,

Umepata mtoto wa kike. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo, ngozi imejikunja kunja kama amevaa nguo ya dada yake, lakini sauti anayo. Alipimwa, daktari akasema hana ugonjwa. Mama yake mzima. Nimengoja kukuandikia mpaka nione ananyonya na ananenepa, kwa sababu sikutaka kukuandikia mara mbili. Ananyonya. Ananenepa. Mashavu uliyoyataka yanakuja.

Siku aliyozaliwa nilikuwepo chumbani. Mkunga alimfunga kitenge akanigeukia anipe, ndiyo desturi ya kazi yao, wanampa aliyesimama karibu. Wifi akasema kutoka kitandani, "Si yeye." Hakupaza sauti. Mkunga akabaki na mtoto mikononi, hajui aelekee wapi. Nikatoka nikakaa nje.

Hilo lilipita, na baada yake siku nyingi, na sikumshika. Namwona anaanikiwa nguo zake uani. Namsikia akilia upande wa pili wa ukuta. Sikulalamika, kwa nani?

Leo homa imenilaza. Ilikuwa inanilaza toka zamani, nilikuwa naamka tu. Leo sikuamka. Mchana mlango ukafunguliwa, wifi akaingia na mtoto, na ile barua uliyomwandikia yeye imefungwa ndani ya kanga.

Akasimama. "Tangu lini?"

"Nini?"

"Wifi, usinianze. Tangu lini?"

Nikasema tangu Aprili. Labda Machi.

"Yaani nilikuwa kule nameza vidonge, unanifulia shuka la jasho, na lako limelowa?"

Nikalisukuma shuka lile upande wa ukuta.

"Mume wangu ameandika hutasema mpaka ukamatwe. Nikasema na afe basi, si kazi yangu. Nimelisema hilo tangu Julai, kila nikiona unashika ukuta kwenda chooni." Alikuwa analia, lakini kwa hasira, kama mtu anayekata vitunguu. "Nimechoka kulisema. Vaa viatu. Muuza maji yuko nje na mkokoteni."

Nikajaribu kuinuka, goti likakataa. Akaniinua kwa kwapa, ana nguvu yule mtoto wa watu. Tulipofika mlangoni nikaona hana pa kumweka mtoto, huku ananishika mimi, huku anafunga mlango.

Nikasema, "Mwite jirani amshike."

Akanitazama. Halafu akamweka mikononi mwangu, akageuka kufunga mlango, na alichukua muda mrefu na kufuli lile ambalo halina ugumu wowote.

Nakuandikia kutoka kwenye benchi la hospitali, karatasi nimeomba kwa nesi. Naandika kwa mkono mmoja. Wifi amekwenda kuniandikisha. Nimemsikia dirishani akisema, "Ni dada yetu," na karani akamwuliza dada yenu wewe na nani, naye akamjibu, "Andika tu."

Wananiita. Mtoto amelala, simwamshi. Naingia naye hivi hivi.

Dada yako